Programu Huandikwa kwa Ajili ya Siku Mtambo Utakapogoma

Ndugu walimu, mafundi wenzangu, nanyi vijana mnaomaliza masomo ya umeme na ya kompyuta, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie otomesheni ya viwanda, yaani kuifanya mitambo ijiendeshe yenyewe, na uandishi wa programu kama kazi ya kuishi nayo. Ndiyo kazi ninayoifanya na ninaipenda, kwa hiyo sitazunguka. Nina jambo moja ninalotaka mtoke nalo humu ukumbini: programu ya mtambo huandikwa kwa ajili ya siku mtambo utakapogoma. Kuufanya utembee wakati kila kitu kiko sawa ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kuamua nini kitokee waya ukikatika, sensa (kifaa kinachotambua au kupima kitu) ikizibwa na vumbi, vali ikikwama katikati, umeme ukizimika na kurudi ghafla, au mtu akiingiza mkono mahali pa hatari.

Humu ndani naona makundi mawili. Wapo waliosomea umeme, ambao wameshazoea bisibisi, mita na harufu ya mota iliyoungua. Wapo waliosomea kompyuta, wanaoandika programu tangu asubuhi hadi jioni lakini hawajawahi kufungua mlango wa paneli ya umeme. Huko kazini makundi haya hutazamana kwa jicho la shaka. Fundi umeme husema wale wa kompyuta wanadhani waya ni alama kwenye mchoro. Wa kompyuta naye hufungua programu ya kiwandani, akakuta vigeu, yaani majina yanayobeba thamani ndani ya programu, vinaitwa M1, M2, M3 mpaka M400 bila maelezo hata mstari mmoja, akashika kichwa. Wote wawili wana haki ya kulalamika. Kazi hii inamtaka mtu anayekubali kujifunza upande asioufahamu, na kujifunza kwa heshima, kutoka kwa mwenzake aliye jirani yake.

Tuanze na chombo chenyewe. Mitambo mingi ya viwandani huongozwa na kidhibiti tunachokiita PLC: kisanduku kinachokaa ndani ya paneli, mara nyingi kikitumia volti 24 za mkondo mnyoofu. Upande mmoja kinapokea ishara za sensa na vitufe. Upande wa pili kinatoa amri kwa mota, vali na taa. Kazi yake ni ya kurudiarudia. Kinasoma ishara zote, kinapitia programu kuanzia juu mpaka chini, kinatoa amri zote, kisha kinaanza upya. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde chache tu, nao huendelea usiku na mchana kwa miaka.

Wale wa kompyuta, hapa ndipo pa kuwa makini. Mmezoea kuandika "subiri hapa mpaka jibu lije". Ndani ya PLC ukisubiri hivyo umesimamisha mtambo mzima, maana mistari mingine yote inangoja nyuma yako. Kuna saa ya ulinzi inayopima kila mzunguko, na ukichelewa kupita kiasi kidhibiti kinajisimamisha chenyewe. Kwa hiyo unajifunza kuandika kwa mtindo mwingine: kila mzunguko unauliza kama jambo limeshatokea, na kama bado, unapita, utauliza tena mzunguko ujao.

Muda nao hugeuka kuwa urefu. Chukua mkanda unaosafirisha maboksi kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Mzunguko wako ukiwa wa milisekunde 10, boksi linasogea milimita 20 kati ya usomaji mmoja na unaofuata. Mteja anataka gundi idondoke palepale kila mara, tofauti isizidi milimita 2. Hata uandike programu safi namna gani, kwa mzunguko huo hutafika. Unahitaji ishara ya haraka isiyongoja zamu, au enkoda inayohesabu mwendo wa mkanda moja kwa moja. Hesabu hii inafanyika kwenye karatasi kabla ya kununua chochote, na nimeona miradi mikubwa ambayo hakuna aliyeifanya mpaka mashine ilipofika kiwandani.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye kitu kidogo sana, yaani kitufe cha kusimamisha mota. Kila mwanafunzi wa umeme ameshafunga saketi ya kuwasha na kuzima. Nikiwauliza kitufe cha kuzima kifungwe vipi, wengi wenu mtanijibu vizuri kwamba umeme upite ndani yake muda wote, na ukikibonyeza, ukatike. Nikiwauliza kwa nini, wengine watasema ndivyo walivyofundishwa. Tazameni sababu. Kitufe kikifungwa kwa namna hiyo, PLC inaona ishara ya 1 wakati wote na kuisoma kama ruhusa: endelea, hakuna aliyekataza. Panya akiukata waya, au skrubu ikilegea kwa mtikisiko, ruhusa inapotea na mota inasimama. Mtakasirika kwamba uzalishaji umesimama, lakini mtajua palepale kwamba pana tatizo. Kifunge kinyume chake, kwamba ishara ije pale tu mtu anapobonyeza, na waya huohuo ukikatika hakuna atakayejua. Mota itaendelea kuzunguka vizuri kabisa. Siku mtu nguo yake itakaponaswa na mwenzake akakimbilia kubonyeza kitufe, ndipo mtagundua kwamba waya ulikatika miezi mitatu iliyopita.

Mota ni ileile, kitufe ni kilekile, na gharama ni ileile. Kilichotofautiana ni kwamba mmoja alijiuliza swali la kukatika na mwingine hakujiuliza.

Fikra hiyohiyo imo kwenye vipimo. Sensa nyingi za shinikizo, joto na kina cha maji hutuma kipimo kwa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Wanafunzi huniuliza kwa nini isianzie sifuri, hesabu ikawa rahisi. Kwa sababu sifuri imeachwa iseme jambo jingine. Kama sensa yako inapima shinikizo la bar 0 hadi 10, basi miliampea 4 ni bar 0, miliampea 12 ni bar 5, na miliampea 20 ni bar 10. Ukipata miliampea 0, hilo si shinikizo. Waya umekatika, au sensa imekufa. Tangi tupu na waya uliokatika ni habari mbili tofauti, na waliobuni mfumo huu walihakikisha hazichanganyiki. Lakini programu ndiyo inayotakiwa kuitumia tofauti hiyo. Ukipokea kipimo chini ya miliampea 3.6 na bado unakichukua kama "tangi tupu, washa pampu", umetupa kazi nzuri ya waliokutangulia, na maji yatamwagika.

Chombo hiki chenyewe kilizaliwa kutokana na shida ya matengenezo, na ni vizuri mkaijua habari yake. Mwaka 1968 kitengo cha Hydra-Matic cha kampuni ya General Motors nchini Marekani, kilichokuwa kikitengeneza giaboksi za magari, kilitoa orodha ya sifa za kidhibiti kilichokuwa kikikitafuta. Wakati huo mitambo iliongozwa na makabati yaliyojaa relei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, na kila mara bidhaa ilipobadilika, mafundi walifungua nyaya na kuzifunga upya, kazi ya wiki nyingi. Kampuni ndogo iliyoitwa Bedford Associates, alikokuwa mhandisi Dick Morley, ilijibu kwa kifaa kilichoitwa Modicon 084, kwa sababu kilikuwa mradi wao wa 84. Kilichonivutia mimi siku zote ni lugha waliyokipa. Wangeweza kuwalazimisha mafundi wa kiwandani wajifunze lugha za kompyuta za wakati ule. Badala yake programu ilichorwa kama ngazi, kwa alama zilezile ambazo fundi umeme alikuwa amezisoma kwenye michoro ya relei maisha yake yote. Fundi wa zamu ya usiku, hajawahi kugusa kompyuta, angeweza kusimama mbele ya mchoro na kuona mahali ambapo umeme haupiti. Walimfikiria mtengenezaji tangu siku ya kwanza.

Leo zipo lugha kadhaa. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3, kilichotoka mwaka 1993, kiliweka pamoja mchoro wa ngazi, mchoro wa vitalu, lugha ya maandishi inayofanana na lugha ya kompyuta ya Pascal, lugha ya amri fupifupi, na mchoro wa hatua zinazofuatana. Nitawapa maoni yangu bila kuyapamba. Jifunzeni ngazi na lugha ya maandishi, zote mbili, kwa bidii sawa. Ngazi itumieni pale ambapo fundi atahitaji kuangalia usiku: ruhusa, vizuizi, kuwasha na kuzima. Maandishi yatumieni kwa hesabu, orodha na data. Vijana wa kompyuta huidharau ngazi kwa sababu inaonekana ya zamani. Mtambo ukigoma saa nane usiku, na fundi akaona kwenye skrini mstari ule mmoja ambao haujawaka rangi ya kijani, dharau hiyo hukwisha.

Ngoja niwaeleze kisa kimoja kwa kirefu kidogo, maana kina mengi ndani yake. Niliitwa kwenye kiwanda kimoja ambako mtambo wa kupanga maboksi juu ya paleti (jukwaa la kubebea mizigo) ulikuwa unasimama mara kwa mara. Ujumbe ulikuwa uleule: "mkono haujafika mwisho". Lakini ukiutazama mkono, umefika. Mafundi walikuwa wameshabadilisha sensa ya ukaribu pale mwisho wa reli, wakaweka mpya, na tatizo likaendelea. Nilipofungua programu nikakuta kwamba ishara ya sensa ile haikusomwa moja kwa moja. Kulikuwa na taima iliyoishikilia kwa nusu sekunde hata ikipotea. Hapakuwa na maelezo, wala jina, wala tarehe. Mtu fulani, siku fulani, aliiona ishara inapepesa, akaongeza taima, mtambo ukatembea, akaenda zake.

Tukazima swichi kuu, tukaifunga kwa kufuli, kila mmoja na kufuli lake na ufunguo mfukoni mwake, tukathibitisha kwa mita kwamba umeme haupo. Kebo ya sensa ilipita ndani ya mnyororo wa plastiki, ule unaobeba nyaya na kujikunja kila mkono unapokwenda na kurudi. Tukafungua viungo vya mnyororo kimoja kimoja. Kwa nje kebo ilikuwa nzima, ganda lake halina hata mkwaruzo. Mwenzangu akashika mita pande zote mbili za waya, mimi nikaukunja polepole kwa vidole kuanzia mwanzo. Mita ikalia, ikalia, ikalia, na nilipofika sehemu ambayo mnyororo hujikunja zaidi mkono ukiwa mwisho wa reli, ikanyamaza. Nikaunyoosha, ikalia tena. Nyuzi za shaba ndani ya ganda zilikuwa zimekatika karibu zote kwa kukunjwa mara maelfu kwa maelfu. Kebo ile haikuwa ya aina iliyotengenezwa kwa sehemu zinazojikunja. Tukaweka inayofaa, tukaondoa taima, na ujumbe ule haukurudi.

Sasa fikirini. Nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika zamani, na mtambo uliwapa taarifa kwa njia pekee uliyokuwa nayo, kwa ishara kupepesa. Taima ikaifunika taarifa hiyo. Kadiri nyuzi zilivyozidi kukatika, ndivyo ishara ilivyopotea kwa muda mrefu zaidi, mpaka nusu sekunde haikutosha tena. Programu ilitumika kuficha kilio cha waya. Simlaumu aliyefanya hivyo. Huenda ilikuwa usiku, meneja amesimama nyuma yake, na malori yanangoja nje. Lakini kulikuwa na njia bora isiyochukua zaidi ya dakika kumi. Kama ni lazima uweke taima, iweke, kisha andika pembeni sababu, tarehe na unachokishuku. Halafu ongeza kihesabio kinachohesabu kila mara ishara inapopotea, na uoneshe hesabu hiyo kwenye skrini ya opereta. Mtambo utatembea usiku huo, na kesho fundi ataona namba inapanda.

Hapa ndipo waliosoma kompyuta wana mengi ya kutufundisha sisi tuliotokea kwenye umeme, na nasema hivi kwa dhati. Ninyi mmefundishwa kuvipa vigeu majina yanayoeleweka, kugawa programu katika vipande vidogo vinavyoweza kujaribiwa peke yake, na kutunza historia ya kila badiliko: nani, lini, kwa nini. Git, programu ya kutunza historia hiyo, ipo tangu mwaka 2005, na hadi leo viko viwanda ambavyo nakala ya pekee ya programu ya mtambo imo kwenye laptopu ya mtu aliyeshaacha kazi. Mtambo huweza kuishi miaka ishirini na zaidi. Laptopu haifiki huko, na aliyeandika programu naye atakuwa ameshahama. Ukiingia kiwandani na tabia hii moja tu ya kutunza nakala na historia, umeshaleta faida kabla hujaandika mstari wowote mpya.

Leteni pia mtindo wa kugawa kazi ya mtambo katika hali zinazojulikana: umesimama, unajiandaa, unazalisha, unasimama, una hitilafu, unarudishwa mwanzo. Mtambo uwe katika hali moja tu kwa wakati mmoja, na kila mpito uwe na masharti yaliyoandikwa. Wapo wanaoandika programu kama rundo la masharti yaliyotupwa popote yanapoingia. Zinatembea, lakini umeme ukirudi ghafla katikati ya kazi, hakuna anayejua mtambo unadhani uko wapi. Kuurudisha mtambo kazini baada ya kusimama ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, nami nikiajiri, hilo ndilo ninalomwuliza kijana: silinda imesimama katikati, boksi limebanwa, umeme umerudi, sasa utafanya nini? Majibu ya haraka huniogopesha kidogo.

Nitasema juu ya usalama, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa kiasi kikubwa mno cha mionzi katika matukio sita yanayojulikana, na baadhi yao walikufa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya vifaa halisi, vilivyozuia mionzi isitoke pale mpangilio usipokuwa sawa. Kwenye mashine mpya vizuizi hivyo viliondolewa, kazi ikaachiwa programu. Programu ilikuwa na hitilafu zilizojitokeza pale mwendeshaji alipobadilisha maagizo kwa haraka. Kasoro za namna hiyo zilikuwapo hata kwenye mashine ya zamani, ila vizuizi vya vifaa vilikuwa vikizizuia zisimdhuru mtu.

Kwa hiyo uhai wa mtu hauachwi mikononi mwa programu ya kawaida. Kitufe chekundu cha dharura, milango ya kinga na miale ya kutambua mkono vina saketi zake za usalama au PLC maalumu ya usalama, zenye njia mbili zinazochunguzana, chini ya viwango kama IEC 61508 na ISO 13849. Utakutana na mtu atakayekuambia uikwepe swichi ya mlango "kwa dakika tano tu". Kataa. Kataa kwa adabu, lakini kataa, hata kama aliyekuambia ndiye anayekulipa.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kama kosa: tahadhari nyingi mno kwenye skrini. Tarehe 24 Julai 1994 mlipuko ulitokea kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta huko Milford Haven, Uingereza, na watu 26 wakajeruhiwa. Uchunguzi ulionesha kwamba katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, waendeshaji wawili walimiminiwa tahadhari 275. Hesabuni wenyewe: moja karibu kila sekunde mbili na nusu. Hakuna binadamu anayeweza kuzisoma, achilia mbali kuamua. Kila tahadhari iliwekwa na mtu aliyedhani anasaidia. Kabla hujaongeza tahadhari, jiulize mwendeshaji atafanya nini akiiona. Kama hakuna la kufanya, iandike kwenye kumbukumbu na umwachie nafasi ya kufikiri.

Juu ya mtandao nitapita haraka, ingawa ni fani inayokua na wengine wenu mtaishia huko. Modbus, lugha ya mawasiliano ambayo bado inatumika kila mahali, ilitoka mwaka 1979 na haina nenosiri. Yeyote anayefika kwenye waya huo anaweza kutoa amri. Wakati ule waya haukutoka nje ya ukuta wa kiwanda. Leo wakubwa wanataka kuona takwimu za uzalishaji kwenye simu. Mwaka 2010 iligunduliwa programu haribifu iliyopewa jina la Stuxnet, iliyoingia kwenye vidhibiti vya Siemens na kuzichezea mashinepewa (mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa) za kurutubisha madini ya urani huko Natanz, Iran, huku ikificha kinachoendelea. Anayejua mitandao na pia anajua vali hufungwa vipi, huyo ni mtu adimu.

Mmeniuliza, kabla hatujaanza, mtu aanzie wapi. Sina ngazi moja ya kuwapa. Kuna wanaoanzia kwenye kampuni zinazojenga mashine, na wengine kwenye kampuni zinazounganisha mitambo kwa wateja mbalimbali. Wapo wanaoanzia kwenye idara ya matengenezo ya kiwanda. Ningekuwa na mtoto anayeingia kazi hii, ningemwambia aanzie kwenye matengenezo au kwenye kuwasha mitambo mipya, asianzie ofisini. Pale utaona programu za watu wengine zikifanya kazi na zikishindwa, na utajifunza kwa miezi michache mambo ambayo kwenye kiti cha ofisi yangechukua miaka. Utajifunza pia kuongea na mwendeshaji. Mwendeshaji wa mashine anajua mambo ambayo hayamo kwenye mchoro wowote: kwamba inaanza kulia hivi kabla ya kukwama, kwamba asubuhi yenye baridi vali ile huchelewa. Muulize kabla hujafungua laptopu.

Msisubiri kuajiriwa ndipo muanze kuandika. Programu ya CODESYS hupakuliwa bure, ina kidhibiti cha kuigiza ndani yake, na inafuata lugha za IEC 61131-3 zilezile mtakazozikuta kazini. Jengeni humo lifti, taa za barabarani, tangi na pampu. Waliotoka kwenye umeme wajifunze lugha ya programu ya Python na misingi ya hifadhidata, kwa sababu data za mitambo sasa zinahitaji mtu wa kuzisoma. Waliotoka kwenye kompyuta wanunue mita ya umeme, wapate relei na kontakta (swichi kubwa ya mota inayoendeshwa kwa umeme) kutoka kwa fundi yeyote, na wafunge saketi ya kuwasha mota kwa mikono yao, chini ya jicho la anayejua.

Nisiwafiche gharama. Mitambo huwashwa wakati uzalishaji umesimama, na uzalishaji husimama usiku, mwisho wa wiki na sikukuu. Utakaa mbali na nyumbani kwa majuma. Utasimama mbele ya watu kumi wanaokutazama mgongoni huku ukitafuta hitilafu. Wapo mafundi hodari sana walioiacha kazi hii kwa ajili ya familia zao, na walifanya vyema. Mkiingia, kubalianeni mapema na walio nyumbani, na mwajiri ambaye kila mradi wake ni dharura msikae naye sana.

Na hili la akili mnemba, kwa kuwa najua litaulizwa. Itaandika sehemu kubwa ya mistari ya kawaida, na tayari inaandika. Itumieni. Lakini muulizeni mwenye mtambo kama yupo tayari programu iwashwe bila mtu aliyeisoma mstari kwa mstari. Haijui kwamba kebo ile inapita kwenye mnyororo unaojikunja, isipokuwa kama mtu ameiambia. Haijui kitufe kimefungwa kwa namna gani ndani ya paneli iliyo mbele yako. Itadhani, na pengine itadhani vibaya. Kusoma programu ya mwingine na kuona kisichokuwamo utakuwa ujuzi wa thamani zaidi kuliko sasa, na hauji kwa kusoma peke yake.

Nimezungumza vya kutosha. Mengine yako mezani. Walimu wenu wameandaa paneli ya mafunzo yenye tangi, pampu, sensa ya kina ya miliampea 4 hadi 20, na vitufe viwili. Kaeni katika makundi ya watu wanne, wawili wa umeme na wawili wa kompyuta, msijichagulie marafiki. Andikeni programu ya kujaza tangi bila kumwaga na bila kuacha pampu izunguke kavu. Kila kundi litawasha mbele ya wengine. Maji yakishaanza kupanda nitachomoa waya mmoja wa ishara bila kuwaambia ni upi, na programu yenu ndiyo itakayotakiwa kuniambia, kwa maneno ambayo mwendeshaji wa zamu anaweza kuyaelewa. Miwani ya kinga iko pale dirishani, na swichi kuu inawashwa na mwalimu peke yake.